Barua Zisizo na Salamu

Mwalimu hakuwa mtu wa kuandika barua isiyo na salamu. Hata alipokuwa anatutumia tafsiri ya tangazo la mistari mitatu, ratiba ya chanjo au mabomba ya maji kuhamishwa, alianza kwa kuuliza afya zetu, akauliza za nyumbani, akauliza kama baridi ya Kibondo imepungua, ndipo aingie kwenye jambo lenyewe. Kwa hiyo asubuhi moja nilipofungua kompyuta yangu ya ofisini nikakuta barua pepe yenye jina lake, na ndani yake sentensi moja kavu ya Kiingereza ikinitaka nifungue kiambatisho, niliondoa mkono kwenye kipanya nikabaki kuitazama.

Mimi ndiye mtu wa kompyuta katika ofisi ya Kibondo ya shirika linalohudumia wakimbizi. Printa ikigoma naitwa mimi, mtandao ukikatika naulizwa mimi, kana kwamba nimeukata mwenyewe. Mwalimu ni mkimbizi kutoka Kongo, anaishi kambi ya Nyarugusu, upande wa Kasulu. Kwao alikuwa anafundisha sekondari, na jina la Mwalimu likamfuata mpaka huku. Kwa miaka mingi amekuwa akitutafsiria matangazo kwa Kifaransa na Kibembe, na ndiye aliyekuwa na ufunguo wa chumba cha kompyuta tulichofungua kambini, ambako vijana na wazazi wao hujifunza kuandika na kutuma barua.

Barua ile ilikuwa na jambo jingine la ajabu. Chini ya sentensi ya Kiingereza palikuwa na barua yake halisi ya zamani, ile ya mabomba ya maji, pamoja na salamu zake zote. Nilikumbuka siku alipoituma. Ilikuwa kama mtu ameingia ghafla kwenye mazungumzo yaliyokwisha miaka mingi iliyopita, akasema neno moja katikati yetu na kutunyooshea bahasha.

Niliinuka kwenda kuwaambia wenzangu wasiguse kitu. Nilipofika mlangoni kwa mkuu wetu wa ofisi nikamkuta ameinamia kompyuta yake, anabofya na kubofya tena.

"Hili faili la Mwalimu halifunguki," akaniambia. "Nimelijaribu mara kadhaa."

"Bosi, umelifungua?"

"Si nasubiri tafsiri yake tangu juzi?"

Nilichomoa waya wa mtandao nyuma ya meza yake bila kumwomba ruhusa. Lakini kirusi kilikuwa kimeshaingia. Ilibidi niifute kompyuta ile yote na kuianza upya, na ripoti aliyokuwa anaiandika, ambayo hakuwa ameihifadhi mahali pengine, ikaenda nayo. Bosi si mtu mbaya. Ni mtu wa wasiwasi, na ripoti ile ilikuwa inasubiriwa Dar es Salaam. Alikaa mbele ya kioo cheupe akiwa amekunja mikono kama mtu aliyefiwa, na nilimwonea huruma.

Siku zilizofuata barua zikaendelea kuja. Nyingi zilikuwa na jina la Mwalimu, na kila moja ilibeba chini yake tafsiri yake ya zamani. Watu wa ofisi wakaanza kunong'ona. Wengine walisema ni vijana wa kile chumba cha kompyuta, wamejifunza ujanja. Wengine wakasema kwa nini tunazunguka, jina si lipo pale juu limeandikwa wazi.

Nilimweleza bosi kwamba jina kwenye barua pepe ni kama jina nyuma ya bahasha, mtu yeyote anaweza kuliandika. Nikamwonyesha zile alama ambazo kila barua pepe huzibeba na ambazo wasomaji hawazioni, alama za mashine zote ilizopitia njiani. Barua za kweli za Mwalimu zilionyesha mtandao wa kambini. Hizi mpya zilikuwa zimetoka kwenye mashine za mbali, nje kabisa ya Tanzania, na kila moja ilitokea mahali tofauti.

Bosi alizitazama zile herufi na tarakimu, akavua miwani.

"Sasa hao watu wa mbali wamepata wapi barua zetu za ndani? Huyu mtu wa nje anajuaje habari za mabomba ya Nyarugusu?"

Lilikuwa swali zuri.

"Kuna mtu wamemwibia," nikasema. "Kompyuta ya mtu fulani imeingiliwa, wakachota barua zake zote. Sasa wanazitumia moja moja."

"Basi ni kompyuta za kambini," akasema. "Chumba kifungwe mpaka tujue."

Ofisa wetu wa usalama alikwenda Nyarugusu kuchukua ufunguo. Alifika wakati wa kipindi, chumba kimejaa. Mwalimu alinipigia simu jioni yake, na sauti yake ilikuwa ya kawaida, Kiswahili chake cha Kongo kilekile, na 'njo' yake mahali pa 'ndiyo'.

"Dada wa kompyuta, habari za nyumbani? Watoto wazima? Bon. Leo wamekuja kuchukua ufunguo. Walikuja mbele ya wanafunzi. Kuna mama mmoja alikuwa njo anaandika barua kwa mtoto wake, hata hakuimaliza."

"Mwalimu, mimi najua si wewe."

"Unajua namna gani?"

"Barua haina salamu."

Akacheka, kicheko kifupi. "Hiyo sababu, wakubwa hawataikubali. Lakini asante."

Baada ya simu ile niliona kwamba kungoja barua ziache kuja zenyewe hakutoshi. Nilimwomba bosi aniachie hizo barua zote, za kwangu na za wenzangu waliozipokea, nizipitie kwa utulivu. Nilizichapisha. Wazo langu lilikuwa jepesi. Kila barua ya uongo ilikuwa imebebeshwa barua ya kweli, na barua ya kweli ina mwandishi na wapokeaji. Aliyeibiwa lazima awe mtu ambaye barua zote hizi ziliwahi kumfikia. Nikaanza kusoma majina tu.

Mwanzoni kazi haikunipa raha, maana Mwalimu alikuwemo kwenye kila barua. Mwingine aliyekuwemo kila mahali ni mama mmoja aliyekuwa katibu muhtasi wetu, ambaye alikuwa amestaafu na kurudi kwao Heru Juu, nje kidogo ya mji wa Kasulu. Hao wawili tu. Mimi nilikosekana kwenye baadhi, bosi alikuwa bado hajaja Kibondo wakati nyingine zinaandikwa.

Kisha ikaja barua ambayo iliyaweka sawa yote. Ilikuwa na jina la mhasibu wetu, naye akaja mbio mezani kwangu akiwa ameshika mdomo kwa kicheko na aibu. Chini ya sentensi ileile ya Kiingereza palikuwa na mazungumzo yetu sisi wanawake wa ofisi, ya wakati mwenzetu mmoja anaolewa Manyovu. Tulikuwa tunabishana juu ya sare. Wengine walitaka vitenge vya kutoka Burundi, vya maua makubwa ya njano, wengine walisema maua yale yatatufanya tuonekane kama mapazia. Mhasibu alikuwa ameandika maneno makali kidogo juu ya ladha ya bosi wa wakati ule. Barua ile haikuwahi kumfikia mwanamume yeyote. Tulihakikisha.

Nikaipeleka kwa bosi. Aliisoma yote, pamoja na sehemu ya mapazia, na nikaona anajizuia kucheka.

"Mwalimu hayumo humu," nikasema.

"Hayumo."

"Na hakuna namna ingemfikia. Aliyekuwa kwenye barua zote za Mwalimu na kwenye hii pia ni mtu mmoja tu."

Bosi akashusha pumzi. "Yule katibu, mama wa watu. Si amestaafu zamani? Anwani yake ya ofisi si tuliifunga?"

Anwani tuliifunga, ndiyo. Lakini siku ya kumuaga, ofisi ilimzawadia laptop aliyokuwa akiitumia, na aliyekuwa akishughulikia kompyuta kabla yangu, mimi nikiwa bado msaidizi wake, aliona haya kumfutia barua zake. Aliondoka nazo zote ndani ya mashine, miaka yake yote ya kazi, akafungua anwani mpya ya kwake mwenyewe.

Nikampigia.

"Mama, shikamoo. Ile laptop yako bado ipo?"

"Marahaba, mwanangu! Ipo, lakini siku hizi imechoka. Ukiiwasha inahema kama mtu aliyepanda mlima."

"Izime tu, Mama. Usiiwashe tena. Nakuja."

"Unakuja lini? Nipike nini?"

Kutoka Kibondo nilipata nafasi kwenye gari la ofisi lililokuwa linakwenda Kasulu. Asubuhi ukungu ulikuwa umelalia mashamba ya maharage, na dereva hakuwa na maneno mengi, kwa hiyo nilipata muda wa kufikiri nitamwambiaje mama huyu. Nilipoanza kazi yeye ndiye aliyenionyesha nani asainishwe kabla ya nani, na mgeni yupi anakunywa chai bila sukari. Kumwambia kwamba usumbufu wote umetoka kwake halikuwa jambo la kusema ukiwa umesimama mlangoni. Kasulu mjini nilinunua samaki wakavu sokoni, migebuka, nisiende mikono mitupu, nikachukua bodaboda mpaka Heru Juu.

Alikuwa ananisubiri nje, amevaa kitenge cha maua makubwa ya njano. Tulisalimiana kwa Kiha, mwakeye kwa mwakeye, akanishika mkono hakuuachia mpaka tulipokaa. Ugali wa muhogo na maharage ya mawese vilikuwa tayari, na alikataa kabisa kuzungumza habari za kompyuta kabla sijala.

Baada ya chakula akaileta laptop, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Nikaiwasha bila kuiunganisha na mtandao, nikaweka kifaa changu cha kukagua, na haikuchukua muda. Kirusi kilikuwemo, kimejificha mahali kinapopenda kujificha. Nikarudi nyuma kutafuta siku kilipoingia, nikaipata barua iliyokileta. Ilikuwa na jina la mfanyakazi mwenzetu wa zamani, kijana aliyehamia nje ya nchi, ambaye mama huyu alimpenda sana. Sentensi moja ya Kiingereza na kiambatisho. Mama alikuwa ameifungua. Halafu alikuwa ameijibu.

Jibu lake lilikuwa hapo, nikalisoma kabla sijafikiri kama ni vema kulisoma. "Mwanangu, nimefurahi sana kuona jina lako. Nilidhani umetusahau. Faili ulilonitumia halifunguki, nimejaribu leo na jana. Nadhani ni picha za mtoto. Tafadhali nitumie tena."

Chini yake palikuwa na majibu mengine kama hilo, ameyatuma siku tofauti, kwenda anwani ambayo hapana mtu aliyekuwa anaisoma.

"Umeona nini?" akaniuliza. Alikuwa amekaa karibu, anaangalia uso wangu badala ya kioo.

Nikamwambia. Nilijaribu kumweleza polepole, kwamba ile barua haikutoka kwa yule kijana, kwamba kulikuwa na wezi, kwamba kiambatisho kile ndicho kilichowafungulia mlango wakachukua barua zake, na sasa wanatutumia sisi kwa majina yetu wenyewe. Alisikiliza akiwa amekunja mikono kwenye magoti.

"Kwa hiyo hazikuwa picha za mtoto."

"Hazikuwa, Mama."

"Na mwizi mliyekuwa mnamtafuta huko Kibondo ndiye mimi."

"Wewe ndiye uliyeibiwa."

Akatazama nje, kuku wanaparura chini ya migomba. "Wakati niko kazini," akasema, "nilikuwa nafika asubuhi nakuta barua zimejaa mpaka naona kero. Sasa inakuja moja, naisubiri mpaka nimalize kazi zote za nyumbani ndipo nikae niifungue vizuri. Mimi nafungua kila kinachokuja, mwanangu. Nani ananiandikia siku hizi?"

Nikamwambia kwamba nimesikia.

Kisha akauliza kama kuna mtu ameumizwa na jambo hili. Ningeweza kumficha, lakini angekuja kulisikia kwa mwingine. Nikamwambia habari za Mwalimu na ufunguo. Hapo ndipo alipobadilika. Aliinuka akaenda kuchukua simu yake, akaniambia nimpigie palepale, mbele yake.

Mwalimu alipokea. Kabla hajaanza kuuliza habari za nyumbani, mama akaninyang'anya simu.

"Mwanangu, ni mimi. Yule katibu wa Kibondo. Zile barua zimetoka kwangu. Ni mimi niliyefungua mlango. Nisamehe, wamekuchukulia ufunguo kwa ajili yangu."

Nikanyoosha mkono nikabonyeza kitufe cha spika. Ndipo tukamsikia.

"Mama! Ni wewe kweli? Mimi nilijua uko Kasulu, lakini sikujua ni upande gani. Mama, barua yangu ya kwanza ya kazi, si wewe njo uliniandikia?"

"Nilikuandikia."

"Sasa utaniomba msamaha ya nini? Afya yako ikoje? Ule mguu ulipona?"

Nikawaachia simu nikarudi kwenye mashine. Walizungumza muda mrefu, wakapitia mguu, mavuno, mke wa Mwalimu, na watu wa zamani wa ofisi, nani yuko wapi na nani amefariki.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya kufuta. Nilimweleza kwamba mashine lazima niioshe yote, nianze upya, na nikaona anavyoishika pembeni kama mtu anayeshika mtoto anayetaka kuchomwa sindano. Nikamwahidi kwamba barua na picha nitazihamisha kwanza, maandishi tu, bila vile viambatisho vya hatari. Aliketi nami nikizihamisha. Zilipita kwenye kioo, mialiko ya vikao, maombi ya likizo, tangazo la kupotea kwa mwavuli, salamu za Mwalimu. Mara nyingine aliniambia nisimame asome. Ile ya vitenge aliisoma kwa sauti mpaka tukafuta machozi kwa kucheka, na akajitetea kwamba maua ya njano hata leo yanampendeza.

Sikumdanganya juu ya kitu kimoja. Barua zilizokwisha kuibiwa haziwezi kurudishwa. Zitaendelea kutumiwa na watu hao kwa muda, mpaka wachoke. Tofauti ni kwamba sasa tunazijua, na tumewaonya wote waliomo.

Mwisho kabisa nikamwambia abadilishe nywila yake. Aliitumia hiyohiyo tangu siku ya kwanza aliyogusa kompyuta, nayo ilikuwa jina la marehemu mume wake.

"Nikimtoa yeye nimweke nani?"

"Si lazima liwe jina, Mama. Weka maneno mawili matatu yasiyohusiana, na namba."

Alifikiri. Kisha akaniambia nigeuke nitazame ukutani, akaandika polepole kwa kidole kimoja, akaandika tena kuthibitisha. Sijui aliweka nini. Alionekana ameridhika.

Nilirudi Kibondo nikampa bosi maelezo yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akaandika barua pepe nzuri kwa Mwalimu, ya kueleza kwamba imebainika hahusiki na kwamba chumba kitafunguliwa. Mwalimu akajibu siku hiyohiyo. Aliuliza afya ya bosi, na ya familia yake, na kama baridi imepungua. Kisha akasema kwamba anashukuru, lakini ufunguo haukuchukuliwa kwa barua pepe. Ulichukuliwa mbele ya wanafunzi, na angependa urudishwe mbele ya wanafunzi.

Bosi aliniita akanionyesha. "Sasa huyu anataka niende mpaka Nyarugusu kwa ajili ya ufunguo?"

"Anataka uende, ndiyo."

Alizunguka chumba. Nilijua anafikiria ripoti, mafuta ya gari, safari.

"Basi tutakwenda wote," akasema. "Wewe utawaeleza hayo ya virusi, mimi sitaweza."

Tulikwenda. Chumba kilikuwa kimejaa, na waliokosa nafasi walichungulia madirishani. Bosi hakuwa na hotuba. Alisema kwamba ofisi ilikosea, kwamba Mwalimu hakuwa na kosa lolote, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyetoa amri ya kufunga chumba. Akatoa ufunguo mfukoni akampa kwa mikono miwili. Mwalimu akaupokea kwa mikono miwili, akasema merci, akaugeukia ubao kana kwamba kipindi kilikuwa kimekatizwa na mgeni tu. Mama mmoja aliyekuwa amekaa mbele, mwenye mtoto mgongoni, akavuta kiti chake karibu na kompyuta akauliza kama barua yake bado imo.

Nilipomaliza kueleza habari za viambatisho, mtu mmoja aliuliza sasa watajuaje barua ya kweli. Nikasema mpigie simu aliyeandika. Mwalimu akaongeza kutoka nyuma kwamba kwanza waangalie kama mtu amewasalimu. Watu walicheka, lakini niliona wengine wanaandika.

Mama wa Heru Juu amelishika agizo la simu kuliko wote. Kila barua ikimfikia ananipigia kabla hajaigusa. Wiki iliyopita alinipigia nikiwa nimebeba printa kwenye ngazi, nikaiweka chini.

"Imekuja moja hapa. Wanasema nimeshinda gari."

"Umewahi kucheza bahati nasibu, Mama?"

"Sijawahi."

"Ifute."

Nikasikia anabofya, anahema kidogo. "Nimefuta. Haya, sasa niambie, huko Kibondo mvua imeanza?"

Nikaketi kwenye ngazi, kando ya printa, nikamwambia imeanza jana.